Kiburi cha Simba, Ziada ya Watawa: Nomino za Makundi za Kiingereza ni Fasihi ya Nani?

Katika mitihani ya Kiingereza tuliyopitia wengi wetu, kuna swali moja ambalo halikosi kujitokeza. Mtahiniwa anapewa pengo, mbele yake kuna neno "lions", naye anatakiwa ajaze "pride". Pengo la pili ni la samaki, ajaze "school". La tatu ni la kunguru, na hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu jibu ni "murder", yaani mauaji. Mauaji ya kunguru! Mtu anayejua Kiingereza cha kutosha kumaliza riwaya nzima anaandika "a group of crows", maneno ambayo Mwingereza yeyote atayaelewa bila kukuna kichwa, halafu anakoseshwa. Aliyebukua orodha usiku kucha anapata alama zake, hata kama hawezi kueleza kunguru wamemuua nani.

Makala haya hayana nia ya kuwarushia mawe walimu wa sekondari. Wao wanafundisha kilichomo katika muhtasari na vitabu walivyopewa. Ninachodai ni kwamba orodha ile tunayoikariri kama jedwali la kuzidisha si sarufi hata kidogo. Ni kazi ya fasihi. Ina tabaka lililoizaa, ina fani, ina maudhui, ina msimamo, na baadhi ya msimamo huo ni wa kuudhi. Kama ni fasihi, basi ihakikiwe kwanza ndipo imezwe. Na kuchagua nomino sahihi ya kundi ni kuamua unasimama wapi kuhusu hilo kundi, jambo kubwa kuliko kujaza pengo.

Chimbuko

Mwaka 1486, katika mji wa St Albans ulio kaskazini ya London, kilichapwa kitabu ambacho hadi leo kinaitwa Book of Saint Albans. Kilishughulikia mambo matatu ya kibwana: kuwinda kwa kutumia kipanga waliofundishwa, kuwinda kwa mbwa, na nembo za koo za makabaila. Humo ndani mna orodha ya majina ya makundi, zaidi ya 160. Orodha za aina hiyo zilikuwemo pia katika miswada ya mkono ya karne hiyo hiyo ya 15, kwa hiyo mchapaji hakuianzisha, aliieneza. Jina la mchapaji huyo limepotea. Anakumbukwa kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa mwalimu wa shule. Kumbe hata huko mwanzo orodha ilipitia mikononi mwa mwalimu!

Sehemu ya uwindaji inataja jina la mwanamke, Juliana Barnes, ambaye jadi ya baadaye ilimfanya kuwa mkuu wa nyumba ya watawa wa kike. Wataalamu wamelitilia shaka jambo hilo, na tutaona punde kwamba orodha yenyewe inatoa sababu ya kulitilia shaka.

Sasa tujiulize swali la mhakiki: kiliandikwa kwa ajili ya nani? Kuwinda kulungu katika Uingereza ya wakati ule haikuwa kazi ya kila mwenye mshale. Misitu mingi ya kuwindia ilikuwa chini ya mfalme na makabaila, na mkulima aliyekutwa na nyama ya kulungu alihesabiwa mwizi. Kwa hiyo msamiati wa uwindaji ulikuwa msamiati wa wenye misitu. Kijana wa kikabaila alijifunza kupanda farasi, kushika kipanga, na kusema neno linalotakiwa kwa kundi linalotakiwa. Aliyesema vinginevyo alijulikana mara moja kwamba katokea jikoni.

Maudhui

Orodha za shuleni huficha jambo moja: ile ya 1486 haikuishia kwa wanyama. Imejaa watu, na watu hao wanatajwa bega kwa bega na mbweha na nyani. Majaji ni "sentence", yaani hukumu. Mawakili ni "eloquence", ufasaha wa kusema, na hapo tunamsikia mtu aliyewahi kuulipia ufasaha huo kwa fedha nyingi. Watawa wa kiume ni "abominable sight", kioja cha kuchukiza macho. Watawa wa kike ni "superfluity", ziada, kana kwamba wamejaa hadi wanamwagika. Ikiwa kweli mtunzi alikuwa mkuu wa watawa wa kike, basi alikuwa na moyo mgumu wa kujicheka. Mimi naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba aliyesema hivyo alikuwa nje ya ukuta wa nyumba yao.

Utani huo una historia nyuma yake. Malalamiko kwamba nyumba za watawa zimejilimbikizia ardhi na zinakula bila kulima yalikuwepo Uingereza kwa muda mrefu. Kuanzia 1536, miaka 50 tu baada ya kitabu kile, Mfalme Henry VIII alianza kuzifunga na kuchukua mali zao. Sisemi kwamba orodha ya wawindaji iliangusha nyumba za watawa. Nasema kwamba neno moja la mzaha lilikuwa tayari limebeba hoja ambayo baadaye ilikuja na sheria.

Nafasi ya mwanamke nayo inataka macho mawili. Wake walioolewa wanaitwa "non-patience", kukosa subira. Wanawake kwa jumla wanaitwa "gaggle", neno lile lile la mabata bukini, linaloiga kelele zao. Lakini mabibi wa kikabaila wanaitwa "bevy", neno ambalo orodha inalitumia pia kwa ndege wadogo aina ya kware. Tazama mambo hayo, ndugu msomaji. Tabaka limebadilisha ndege, halikumwondoa mwanamke kundini mwa ndege. Wa juu ni kware, windo linalopendeza mezani. Wa chini ni bata bukini, kelele za uani. Anayekariri "gaggle" bila kuuliza anakariri pia dharau iliyomo.

Na sisi wa fasihi hatukusahaulika. Waandishi wanaitwa "worship", kuabudu. Zama hizo mwandishi aliishi kwa kumtegemea bwana mmoja mwenye fedha, na kitabu kilianza kwa kumpigia magoti. Neno linatudhihaki sote tunaoshika kalamu, na dhihaka hiyo haijaisha makali.

Fani

Kifani, kila nomino katika orodha hii ni sitiari iliyobanwa katika neno moja. Zinaweza kugawanywa kwa namna yake ya kuumbwa. Kuna zinazojengwa kwa sauti: kwezi ni "murmuration", mnong'ono, na aliyewahi kusikia maelfu yao wakitua mtini jioni hatabisha. Kuna zinazojengwa kwa mwendo: chui ni "leap", mruko, mbweha ni "skulk", kunyemelea, kipozamataza, ndege mdogo aimbaye huku akipaa, ni "exaltation", kuinuliwa juu kwa furaha. Na kuna zinazojengwa kwa tabia ya kubandikwa, ambapo mnyama anahukumiwa kama binadamu.

Hizi za mwisho ndizo zenye mengi ya kusema. Simba ni "pride" na dubu ni "sloth". Leo tunayasoma kama majina tu, lakini msikilizaji wa karne ya 15 alikuwa akisikia kiburi na uvivu, viwili kati ya vile vilema saba vikuu alivyohubiriwa kanisani. Kwake, pori lilikuwa mimbari. Tukitafsiri "pride" kuwa fahari, tunamremba simba kwa neno ambalo huenda lilikusudiwa kumsema. Hapa mwanafunzi wa tafsiri ana kazi: fahari au kiburi? Akichagua moja ameshatoa hukumu.

Upande mwingine kuna neno linalotudanganya. "School" ya samaki haina uhusiano na darasa. Imetokana na Kiholanzi cha zamani, neno lenye maana ya kundi, nalo ni ndugu wa "shoal", jina jingine la kundi la samaki. Shule ya madawati ilitoka kwa Wagiriki kupitia Kilatini. Maneno mawili yalikutana njiani yakafanana sura. Kwa hiyo anayewaeleza watoto kwamba samaki huitwa hivyo kwa sababu wanaogelea kwa nidhamu kama wanafunzi, anatunga ngano. Ngano nzuri, lakini ngano.

Dhima

Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, ana riwaya ya mwaka 1906 iitwayo Sir Nigel, inayosimulia mambo ya karne ya 14. Humo mzee mmoja, Sir John Buttesthorn, anamfundisha kijana Nigel majina ya makundi ya wanyama kwa uzito ule ule wa kumfundisha upanga. Mwandishi anacheka kidogo, lakini hajakosea kuhusu kazi ya somo lile. Dhima ya orodha ilikuwa kutenganisha watu. Haikumsaidia mtu kuona kundi vizuri zaidi, ilimsaidia kuonekana.

Basi jamani, tunapoichukua orodha hiyo na kuifanya kipimo cha nani anajua ung'eng'e na nani hajui, tunafanya nini? Tunamrithi Sir John bila farasi wake. Mtoto wa mkulima anakoseshwa kwa kutojua neno lililotungwa ili mtoto wa mkulima asilijue.

Najua kuna wenzangu watakaosema nimetia chumvi. Watasema kila lugha ina maneno ya makundi na lazima yafundishwe. Ni kweli, na hapa inafaa tutenganishe. "Herd" ya ng'ombe, "flock" ya kondoo au ndege, "swarm" ya nyuki, "team" ya wachezaji, haya ni maneno ya kazi. Mchungaji anayatumia, mtangazaji wa mpira anayatumia, na asiyeyajua atapata shida kuelewa gazeti. Hayo yafundishwe na yatahiniwe. Lakini mtaalamu wa ndege akiandika ripoti yake, kunguru kwake ni "flock" tu. "Murder" anawaachia washairi na watunga mitihani. Isitoshe, orodha zimeendelea kuongezwa. Pundamilia kuitwa "dazzle" na twiga kuitwa "tower" hayamo katika kitabu cha 1486. Ni ubunifu wa baadaye sana. Mmarekani James Lipton alipotoa kitabu chake An Exaltation of Larks mwaka 1968, alikusanya ya zamani kisha akaongeza mapya, akiwaalika wasomaji nao wacheze. Yeye alielewa kwamba huu ni mchezo. Sisi tumeuchukua mchezo tukaugeuza amri.

Yapo maneno yaliyovuka kutoka upande wa mapambo hadi upande wa kazi. Mfano mzuri uko nyumbani kwetu. George Schaller alipochunguza simba wa Serengeti kati ya 1966 na 1969, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alitumia "pride" kama istilahi ya sayansi: simba jike wenye undugu, watoto wao, na madume wachache walioshikamana nao. Hapo neno lina mipaka inayopimika. Simba wawili wageni waliokutana kwenye mzoga si "pride". Mtihani ungeuliza hilo, ungekuwa unauliza kitu.

Uchaguzi na msimamo

Kama nomino ya kundi ni hukumu, basi usahihi wake haupimwi kwa orodha. Unapimwa kwa maswali: nani anasema, anataka kundi lionekaneje, na waliomo ndani wanabaki na nini?

Tuanze na jukwaa. Katika Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, umati wa Roma ni mhusika kamili. Katika chapa ya 1623, maelekezo ya jukwaani yanawaita "Commoners" mwanzoni, na wanapokuja kusikiliza hotuba za mazishi wanaitwa "Plebeians". Casca anawasimulia kwa kuziba pua, akitaja kofia zao za jasho na pumzi zao. Antony anawaita marafiki na wananchi wenzake, kwa sababu ana haja nao. Watu ni wale wale. Anayetaka kuwatumia anawapa jina tamu, asiyewahitaji anawapa jina chungu. Halafu wanamuua Cinna mshairi kwa kosa la kuitwa Cinna, jina la mmoja wa waliomuua Kaisari. Wao walioitwa kwa jina la jumla wanamuua mtu kwa jina la mwingine. Sidhani kama Shakespeare aliliweka tukio hilo hapo kwa bahati tu.

Tuje kwenye siasa. Mwezi Julai 2015, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, David Cameron, alizungumzia watu waliokuwa wakivuka bahari ya Mediterania kuelekea Ulaya, akawaita "swarm". Kisarufi hakuna kosa. Lakini "swarm" ni ya nyuki na nzige, na nzige hawaombi hifadhi, hupulizwa dawa. Watetezi wa wakimbizi walimjia juu, na walikuwa na haki. Hawakuwa wakibishana juu ya msamiati. Walijua kwamba ukishakubali jina la kundi, umeshakubali nusu ya kile kitakachofanywa kwa kundi hilo.

Na Kiswahili je?

Tusijidhani tumesalimika. Methali yetu inasema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Msafara ni wa mamba, ni wa siafu, ni wa kiongozi mwenye ving'ora. Neno lenyewe halibagui, anayelitumia ndiye anayebagua. "Genge" mtaani ni meza ya mama muuza nyanya na vitunguu, riziki ya halali kabisa. Katika ukurasa wa habari za polisi, genge ni la majambazi. Vijana watano wakisimama kona moja, ni kundi, kikosi, kikundi, au genge? Mwandishi wa habari akichagua, hakimu ameshasaidiwa.

Tena lugha yetu ina jambo ambalo Kiingereza hakina kwa kiwango hiki. Tukisema "vijana wamekamatwa", wana wa- yao, kiambishi cha watu. Tukisema "genge limekamatwa", tumewapa li-, ile ile ya jiwe na gogo. Waingereza wanabishana kidogo tu kuhusu kamati, kama iende na kitenzi cha umoja au cha wingi. Kwao yote mawili hutumika, na Wamarekani hupendelea umoja. Kwetu hoja ni nzito zaidi, maana upatanisho unamtoa mtu katika ngeli ya watu. Mtu wa kawaida mtaani husema "kundi la vijana walikuja", nasi tunamsahihisha haraka. Sidai sarufi ivunjwe. Nadai tusikie anachokishikilia: anakataa wale vijana wasigeuke kitu. Na kinyume chake, "kamati imeamua" ni kichaka kizuri cha kujificha. Nenda kamuulize i- ni nani aliyeamua.

Ugonjwa wa orodha nao umetuingia. Watoto wengi wa shule nchini Kenya wamekaririshwa "thurea ya nyota". Neno ni zuri. Kwa asili yake ya Kiarabu lilitaja kundi moja maalumu la nyota, lile ambalo Waswahili wameliita Kilimia tangu zamani, kwa sababu lilimwambia mkulima wakati wa kulima. Mtoto anajua jibu la pengo, lakini akiinua macho usiku hawezi kukuonyesha Kilimia. Tumepata neno, tumepoteza nyota.

Hitimisho

Ninapendekeza jambo dogo kwa walimu wetu wa lugha na fasihi. Pengo la kujaza libaki kwa maneno ya kazi. Kwa yale ya mapambo, mwanafunzi aulizwe: watawa waliitwa ziada na nani, na kwa nini? Kisha atunge lake, alitetee kwa hoja, na wenzake wampinge. Atakayewaita wabunge kwa neno moja na kulitetea katika kurasa mbili, huyo amehakiki. Atakayejaza "murder" bila kupepesa macho ameonyesha kumbukumbu tu, na kumbukumbu hata kasuku anayo.

Mimi nimeshawataja kunguru, simba na majaji. Wasomaji wa jarida hili sijawapa nomino, nawaachia wenyewe wajichagulie. Anayebisha na ashike kalamu.